Mama, Ulitema Nini Mtoni?

Mama,

Nimeenda mtoni na Bumi wako. Najua ungecheka hapo mpaka ushike mbavu, kwa hiyo cheka umalize ndio nikueleze. Nilienda mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono, nikiwa na Biblia ndogo kwenye mkoba na kichupa cha mafuta yaliyoombewa ambacho Rael wa kanisani alinisukumia nikibebe. Nilibeba na chapati zangu kwenye foili, nisije nikalishwa chakula kilichotolewa kwa sanamu. Sikwenda kusherehekea. Nilikwenda kupeleleza.

Kwa sababu tangu ufe kuna jambo limenikwama hapa kooni. Ule mwaka wote wa mashine, kila asubuhi nikirudi kutoka shifti ulikuwa unaniuliza neno moja: "Wakesho, tikiti yangu iko wapi?" Hata habari za kazi hukuniuliza. Ulitaka kuondoka Marekani urudi Wundanyi ukafie kwenye nyumba yako, na mimi nikawa nakujibu lile lile, kwamba kule juu hakuna mashine ya kusafisha damu, kwamba utakuwa unateremshwa Voi siku moja ndiyo siku moja siyo, na wa kukuteremsha ni nani. Ukanuna. Ulikuwa fundi wa kununa, haki ya Mungu. Halafu mwaka jana, mwezi wa kumi, ukaacha. Hivi hivi tu. Asubuhi moja niliingia nimejiandaa kwa swali la tikiti, nikakuta umenimiminia chai, umekaa, uso umelainika. Nikakuuliza mbona leo huniulizi. Ukasema, "Yalikwisha." Nikakuuliza yalikwishaje. Ukaniambia ninywe chai inapoa.

Sikuamini, na nilikuwa na sababu. Mtu aliyenuna mwaka mzima haachi usiku mmoja. Wewe unajua kazi yangu, kuwageuza wazee kitandani na kuwalisha. Nimeona wazee wakali wakilainika ghafla, na mara nyingi ama wameongezewa dawa ama wamekata tamaa. Basi nikawa nawaza. Amenisamehe? Amechoka na mimi? Au kuna kitu amepewa? Ukafa mwezi wa pili, barafu imejaa mpaka kwenye madirisha ya chini, bila kunijibu. Hilo ndilo nilitaka kujua, Mama. Nilitaka kujua kama ulikufa umenikasirikia.

Nikupe kwanza habari za hapa. Bado niko Hopkins, nyumba ile ile, ila kiti chako nimekisogeza karibu na dirisha kwa sababu kila nikiingia nilikuwa nakisalimia. Ndoo zako za majani ya maboga ziko kwenye baraza, zimekauka, sijazitupa. Yule dereva wa gari la wagonjwa, Mkongomani, alikuja kukuchukua wiki mbili baada ya kufa, hakuna aliyemwambia. Ilibidi nimwambie mimi pale mlangoni na viatu vyake vinachuruzika theluji. Alivua kofia akasema, "Pole, maman alikuwa ananiombea." Sikujua ulikuwa unamwombea. Inaonekana kuna mengi sikujua.

Mwili wako ulirudi Wundanyi bila mimi, na nilikuzika kwa simu. Wakili aliniambia wazi nikitoka na makaratasi yalivyo sitarudi, na mwaka huu hakuna anayethubutu kujaribu. Basi ndugu yangu Mwakio akashika simu juu ya vichwa vya watu, mimi niko hapa kitandani na leso yako kichwani, naangalia. Mtandao ulikatika wakati wanakuteremsha. Uliporudi walikuwa tayari wanajaza udongo. Nilimwomba arudie, nikiwa sijui nasema nini, na yeye kwa ukarimu wake akasema, "Sasa Dada, nirudie vipi?"

Sasa nikueleze nilivyoanza kumshuku Bumi. Hospitali walinipa mfuko wa vitu vyako. Kandambili, miwani, leso, na kijifuko cha plastiki ndani yake uzi mweupe wenye mafundo. Muuguzi akaniambia ulikuwa umefungwa mkononi, chini ya saa, na kwamba hukutaka uguswe hata walipokuwa wanatafuta mshipa. Wewe, Mama. Wewe uliyenikatia ule ushanga niliopewa na shangazi nikiwa darasa la pili, ukasema kwetu hatufungi vitu mwilini. Nilimwonyesha Rael. Rael hakutaka hata kuushika. Akasema hiyo ni hirizi, nichome, na nifunge siku tatu. Sikuchoma. Niliogopa kuchoma na niliogopa kuweka, kwa hiyo nikautia kwenye kopo la sukari lisilo na sukari, nikaliweka juu ya friji.

Na mkononi mwako uzi huo ungetoka kwa nani mwingine? Hukuwa na rafiki mwingine mwenye mambo ya nyuzi. Nakumbuka mlivyoanza. Kumbe yule mama wa Laos anayekaa na binti yake chini yetu alikuwa anachuma majani ya maboga nyuma ya jengo, na wewe ukapanda juu umefura, ukisema yule Mchina anaiba mboga zako. Siku tatu ulimvizia dirishani. Siku ya nne nikakukuta umekaa naye kwenye benchi la chumba cha mashine za kufulia, mnamenya nyuzi za mashina ya maboga, kila mtu kwa lugha yake. Jina lake ni Bounmi, ulimi wako ukakataa, akawa Bumi. Na ni Mlao, si Mchina. Tulikosolewa na binti yake, Dara, kwa adabu lakini tukakosolewa. Wewe hujui Kilao, yeye hajui Kiswahili, Kiingereza chenu nyote wawili mkikiunganisha hakifiki dukani na kurudi. Mlikuwa mnaongea nini mchana kutwa? Nilikuwa nalala baada ya shifti, nasikia vicheko sebuleni. Nikiamka mnanyamaza. Nilikuona ukimwachia akukate kucha, wewe ambaye mimi nikikushika mguu ulikuwa unasema ninakukwaruza.

Ndiyo, nilikuwa na kijicho. Lakini kijicho hakinifanyi nione yasiyokuwepo.

Basi wiki mbili zilizopita Dara akagonga. Unamjua, anafanya kazi kwenye ghala kule Shakopee, hana muda wa kupiga porojo, akija ana jambo. Akaniambia Jumamosi ni sikukuu yao, watawa wa hekalu lao wanamaliza miezi mitatu ya kujifungia wakati wa mvua, na watu wanakwenda mtoni kuachilia mashua ndogo zenye taa. Mama yake anataka niende. Nikatafuta namna ya kukataa kwa upole, nikasema niko kazini. Ndipo akasema, kawaida kabisa, kwamba mama yake anasisitiza kwa sababu mwaka jana mama yangu alikuja.

Nikashika mlango. Nikamwuliza mama yangu nani. Akasema mama yako, tulikuwa naye kwenye gari letu.

Mama, siku ile uliniambia mnakwenda University Avenue kununua mchele. Nakumbuka kwa sababu uliporudi nilikuuliza mchele uko wapi, ukasema haukuwa mzuri. Na nikakuamini! Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ukiwa na miaka yako yote na cheo chako cha mwekahazina wa kina mama wa kanisa. Na ilikuwa mwezi wa kumi. Asubuhi iliyofuata ndiyo uliyonimiminia chai. Nilihesabu hapo hapo mlangoni, nikamwambia Dara nitakuja.

Sasa picha ilikuwa kamili kichwani mwangu. Walikupeleka mtoni, wakakufunga uzi, wakakunywesha kitu, ukarudi umepoa. Rael nilipomweleza alitaka kuja na kikundi cha maombi kizima. Nikamkatalia, ndio akanipa mafuta.

Ilikuwa kando ya Mississippi upande wa Saint Paul, bustani iliyo chini ya daraja. Baridi ile yenye upepo, si ya kuua lakini ya kukutia hasira. Nilitegemea giza na ngoma na watu wenye macho mekundu. Nikakuta kina mama wanagombana kuhusu mahali pa kuegesha gari. Haki, ilikuwa kama mnada wa kanisa letu. Wazee kwenye viti vya kukunja na mablanketi, kina dada na sketi zao za hariri zenye mshono wa dhahabu chini, na ndani wamevaa suruali nene za baridi, unaziona wakipanda ngazi. Watawa na mashuka yao ya rangi ya chungwa na juu wamevaa kofia za sufu, mmoja kofia ya timu ya mpira. Wali wa kunata kwenye vikapu, papai bichi linatwangwa, pilipili mpaka ukipita unapiga chafya. Nilikataa kila kitu. Nikasema nimeshiba, na chapati zangu nikazila nimejificha nyuma ya mti, na mtu akaniona, na akaniletea chai.

Chai sikuinywa. Niliishika tu ipashe mikono.

Nilimbana Dara maswali mpaka nikamwonea huruma. Nikamwuliza sanamu iko wapi, akanionyesha. Nikamwuliza mashua zinapelekewa nani. Akasema ni za kumheshimu Buddha, na pia za kuomba msamaha kwa mto kwa uchafu tunaoutia, na pia za Naga. Naga ni nani? Nyoka, akasema. Nyoka mkubwa anayekaa ndani ya Mekong, na usiku wa sikukuu hii kwao anatoa mipira ya moto kutoka majini, inapanda juu bila kishindo, watu maelfu wanakaa ukingoni wanaitazama. Mama yake ameiona tangu utotoni.

Mama. Ulikwenda kwenye sikukuu ya nyoka. Wewe uliyefundisha shule ya Jumapili, uliyekuwa ukituchorea bustani ya Edeni kwa chaki, ulisimama hapo. Nikamwambia Dara kwetu nyoka wa kwanza tuliona alichotufanyia. Nikamwuliza na hiyo mipira ya moto nani anaiwasha. Akacheka, akasema mjomba wake anasema ni wanajeshi wa ng'ambo wanapiga risasi za taa, na kila mwaka mama yake na mjomba wananuniana kwa hilo. Nikampenda kidogo Dara hapo. Lakini sikumwonyesha.

Kisha mashua. Kwao wanazitengeneza kwa mgomba mbichi. Hapa migomba itoke wapi, wananunua majani yaliyogandishwa dukani na kuyakunja wiki nzima, yananukia jikoni kote. Kila moja ina maua ya manjano, mshumaa, na vijiti vya ubani. Na kila moja imefungwa kamba nyuma, kwa sababu jiji halitaki takataka mtoni, kwa hiyo kuna vijana na jaketi za kuokolea wanaachilia mashua, inaelea kidogo, watu wanaomba, halafu wanaivuta kurudi na kuitia kwenye mapipa. Nilitaka kucheka. Nikamwuliza Dara, kama mtu ameweka mikosi yake humo halafu inavutwa na kamba kurudi, imeondoka kwenda wapi. Akasema hilo hata wao wanajiuliza.

Bumi akanijia na mashua yake na kikatio cha kucha. Amezeeka, Mama, tangu ufe. Amevaa ile sweta yako ya kijani, ambayo nilidhani imepotea hospitali. Akanishika kidole. Dara akaeleza kwamba wanaweka kipande cha ukucha, au unywele, ili mabaya ya mtu yaende na mashua. Nikauvuta mkono wangu kama nimeguswa na moto. Akamwambia Dara kitu, na Dara, akiwa hajui alichokuwa ananiambia, akasema mama yako pia alikataa mwanzoni, lakini baadaye aliweka.

Kucha zako. Kwenye mto. Kwetu mtu akikatwa kucha anazizika mwenyewe, hamwachii hata mkwe, na wewe ulizipa maji ya Marekani mbele ya watu.

Nilipoteza adabu. Nitasema tu. Ni mzee, ni rika lako, na nilimsimamia pale kwenye mawe nikamwambia Dara amwulize, neno kwa neno, asipunguze: "Ulimfanya nini mama yangu?"

Dara hakutaka. Nikamwambia mwulize. Akauliza, kwa sauti ndogo. Watu wawili watatu waligeuka.

Bumi alinitazama. Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. Akampa Dara mashua aishike. Akainama, akavua mabuti, akavua na soksi, akakanyaga mawe yale ya baridi kwa miguu mitupu. Akachukua chupa ya chai aliyokuja nayo, lakini ndani haikuwa chai, yalikuwa maji. Akajimiminia kwenye kifuniko. Akajaza mdomo mpaka mashavu yakatuna. Akaelekea mto, na akayapuliza, si kutema kwa kudharau, akayapuliza nje laini laini, yakatoka manyunyu. Akasema, "Wakesho." Akajaza tena, upande wa pili, manyunyu. "Wakesho." Akaweka kiganja kifuani.

Jina angeweza kulisikia nyumbani kwetu. Wote hapa wananiita Grace lakini wewe ulikuwa ukiliita likasikika mpaka kwenye maegesho. Jina halikunishtua. Ila yale maji.

Nilikuwa na miaka mingapi nilipomwona nyanya mara ya mwisho akifanya hivyo? Amevua kandambili, amekaa kwenye visigino nyuma ya nyumba, ana kibuyu, anapuliza funda moja moja na kumtaja mjomba aliyekuwa amemuudhi. Kutasa, ndivyo kunavyoitwa kwetu. Ulikuwa ukilitaja neno hilo kwa kulibania, mambo ya giza, ulituambia tusitazame. Lakini nyanya mwenyewe alinieleza, siku uliyokuwa umeenda sokoni. Alisema hasira ya mzazi si maneno, mzazi anaweza kunyamaza na bado hasira ikamfuata mtoto popote alipo, ikamharibia, na mzazi mwenyewe asitake. Kwa hiyo mzazi mwenye akili haiachi ikae. Anajaza kinywa, anaitoa, anamtaja mtoto, anasema moyo wangu upoe. Hakuna Mlao aliyeota jambo hilo. Hakuna mtu Saint Paul nzima ambaye angeweza kumfundisha Bumi kuvua viatu kwanza.

Dara akawa anatafsiri, na mama yake anasema haraka haraka, na sijui Dara alitia chumvi wapi, lakini nakupa nilivyosikia. Kwamba mwaka jana mlipofika mtoni ulikaa kwenye kiti hutaki kitu. Walipoanza kuachilia mashua ukamwuliza Bumi kwa mikono, hizi zinabeba nini. Akakuonyesha uso wa hasira, halafu akaonyesha maji. Ukaanza kulia. Ukamwonyesha ndege inayopita juu, ukajipiga kifua, ukaonyesha upande wa kwetu Hopkins, ukasema jina langu, na kwa namna ulivyolisema Bumi akaelewa, kwa sababu na yeye aliletwa huku na huyu Dara na hakutaka. Kisha ukavua viatu. Bumi alidhani unataka kuingia majini, akakushika kiuno. Ulijaza kinywa maji yako ya kumezea dawa, na daktari amekupimia maji ya siku nzima, na ukayatoa yote, funda kwa funda, jina langu kila mara, mpaka chupa ikaisha. Watu waliacha mashua zao wakakutazama. Mtawa mmoja mzee aliuliza huyu mama ni wa dhehebu gani.

Na kwamba ulikubali kucha baada ya hapo, na mashua yako ilipoelea na kijana akataka kuivuta, uliinama ukaikata kamba kwa meno. Ikaondoka na mshumaa wake, ikapita chini ya daraja. Yule kijana alilalamika. Ulimwambia kitu kwa Kiswahili ambacho Dara hakukielewa, na nashukuru.

Uzi? Uzi ni wa kufunga roho isitangetange, Bumi alikufunga njiani mkirudi, kwa sababu alisema umetoa vingi kwa mara moja. Ulilala kwenye gari mpaka mlangoni.

Basi nimejibiwa. Nilidhani nikijibiwa nitapumua. Mama, ulikuwa umenikasirikia. Mwaka mzima ulinikasirikia kwa kiasi cha chupa nzima ya maji, kwa kiasi cha kumwogopa Mungu kidogo na kuniogopea mimi zaidi, ukarudia jambo ulilolikana maisha yako yote ili hasira yako isinifuate. Na hukuniambia. Ulirudi, ukanimiminia chai, ukanidanganya habari ya mchele. Kwa nini ulimwonyesha yeye? Mimi nilikuwa chumba cha pili. Ningevua viatu na mimi.

Bumi alinijazia kile kifuniko akanipa. Nilijua anataka nini. Yule mwanamke ameona ndani yangu kitu ambacho Rael na maombi yake yote hajakiona. Nikavua viatu, ndiyo, mawe yale yanakata, nikajaza kinywa. Nikasimama na mashavu yametuna kama mtoto aliyekataa dawa, watu wananitazama, na mto unapita, na sijui kama kuna nyoka au hakuna. Nilikuwa na jina lako tayari mdomoni. Nikameza.

Niliwaza, nikiitoa hii hasira hapa, nitabaki na nini chako? Na pia, nitasema ukweli, sikutaka kuimwaga mbele ya Naga. Bado simwamini. Bumi namwamini kidogo sana, na sweta sijamwomba anirudishie. Alinifunga uzi na nikauacha, upo hapa mkononi, Rael ameuona leo kwenye simu ya video na amekata bila kuaga. Lakini Bumi mwenyewe asubuhi hii amegonga na bakuli la majani ya maboga, ameyapika kwa samaki wa kuchacha, yananuka mpaka kwenye ngazi. Nimekula yote.

Kaa salama huko kwenye kilima chako, Mama. Mwakio anasema nyasi zimeota vizuri na ng'ombe wa jirani hawaingii. Mimi nakuahidi hivi. Siku makaratasi yangu yatakapotoka sitapumzika Nairobi, sitakwenda kusalimia mtu Voi. Nitapanda moja kwa moja hadi Wundanyi, nitavua viatu mbele ya kasisi na kina mama wako wote wa kanisa, waseme wanavyotaka kusema, na nitakupulizia maji juu ya kaburi, funda kwa funda, kwa sababu ulimwonyesha mgeni na mimi ukaninyima. Nitakutaja kila mara. Mpaka siku hiyo hasira yangu naitunza, usiidai, na nimekukumbuka mpaka inauma.

Mtoto wako,
Wakesho